Daftari la Taifa Katika Nyumba ya Kupanga

Jioni ya tarehe 26 Septemba, 2025, katika mji wa Daejeon nchini Korea ya Kusini, mafundi walikuwa wakihamisha betri za akiba ndani ya jengo ambamo serikali ya nchi hiyo huweka mitambo yake ya kompyuta. Betri ikalipuka, moto ukashika, na kazi ya kuuzima ikachukua kiasi cha saa 22. Mifumo 647 ya serikali ikasimama. Hesabu iliyofanywa baadaye ikaonyesha kuwa jumla yake ilikuwa 709. Huduma za posta na benki yake zilikwama, vitambulisho vya kwenye simu vikawa havitumiki, na wananchi waliozoea kumaliza shughuli zao kwa kubonyeza simu wakarudi kupanga foleni mbele ya makarani.

Hasara iliyoumiza zaidi ilikuwa nyingine. Ghala la nyaraka za watumishi wa serikali, lenye ukubwa wa terabaiti 858, liliteketea lote, wala halikuwa na nakala mahali pengine. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba ghala hilo lilikuwa kubwa mno kunakiliwa.

Tumeanza na Korea kwa makusudi. Siku hizi, kila linapozuka swali la kama inafaa serikali ipeleke kumbukumbu zake katika kile kinachoitwa wingu, hutokea mtu akasema kwa uchungu wa kizalendo kwamba mali ya taifa isiwekwe katika nyumba ya kupanga. Kauli hiyo ni ya haki, na anayeitoa hastahili kudharauliwa. Lakini mitambo iliyoungua Daejeon ilikuwa mali ya Korea, katika ardhi ya Korea, ikilindwa na Wakorea wenyewe, na nchi hiyo ni miongoni mwa nchi zilizotangulia sana duniani katika mambo ya kompyuta. Umiliki peke yake haukuwaokoa.

Kabla hatujaendelea, yafaa tueleze ni kitu gani hasa kinachohifadhiwa. Chukua ghala la silaha katika kambi yoyote. Pana daftari la askari, ambamo kila mmoja ana namba yake, jina lake na cheo chake. Pana daftari la bunduki, ambamo kila bunduki ina namba yake na hali yake. Halafu pana daftari la tatu, la utoaji, ambalo halirudii habari zote hizo bali huandika tu kwamba namba fulani ya askari imepewa namba fulani ya bunduki, siku fulani, saa fulani. Afande akitaka kujua nani alikuwa na bunduki fulani usiku wa Jumamosi, karani huoanisha madaftari hayo matatu na jibu likapatikana. Askari akipandishwa cheo, husahihishwa mstari mmoja katika daftari moja, na madaftari mengine hayaguswi.

Hifadhidata ya uhusiano ni jambo hilo hilo, ila limewekwa ndani ya kompyuta. Fikra hiyo iliandikwa mwaka 1970 na Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko California, ambaye katika Vita Kuu ya Pili aliwahi kuwa rubani wa jeshi la anga la Uingereza. Tangu wakati huo mishahara, hati za ardhi, akaunti za benki na vitambulisho vya raia karibu dunia nzima vimewekwa kwa mtindo huo. Sifa yake kubwa ni kwamba haikubali kazi nusu. Bunduki ikihamishwa kutoka ghala moja hadi jingine, ama itatolewa kule na kuingizwa huku, ama hakuna kitakachoandikwa kabisa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, haitatokea bunduki ikaonekana mahali pawili, wala ikakosekana kote kuwili.

Na wingu je? Neno hili limewapotosha wengi, maana hakuna chochote kilichoko angani. Wingu ni majengo makubwa yaliyojaa kompyuta, yenye mitambo ya kupoza joto na jenereta za akiba, ambayo kampuni huyajenga na kuyapangisha kwa saa au kwa mwezi. Kampuni ya Amazon ilianza mwaka 2009 kupangisha hifadhidata za namna hii zikiwa tayari zimepangwa, na nyingine zikafuata. Katika bara letu, Microsoft ilifungua vituo vyake Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon ikafungua vyake Cape Town mwaka 2020, na Google ikafungua vyake Johannesburg mwaka 2024.

Anayepanga hununua mapumziko. Hana haja ya kuagiza mashine na kungoja zitoke bandarini. Hana haja ya kukesha na mafuta ya jenereta. Diski ikifa, fundi asiyemjua huibadilisha pasipo yeye kupata habari. Nakala huchukuliwa kila siku, na mara nyingi inawezekana kulirudisha daftari lilivyokuwa dakika fulani ya juzi, kabla karani hajafuta kwa bahati mbaya orodha nzima ya mishahara. Akilipa zaidi, hupewa daftari pacha katika jengo jingine, linaloandikwa sawia na lile la kwanza, tayari kushika zamu. Wala tusifiche: ofisi nyingi zinazojitunzia mashine zao hazina lolote kati ya hayo. Zina chumba chenye kiyoyozi kilichoharibika, na kijana mmoja hodari ambaye siku akipata kazi kwingine huondoka na maarifa yote kichwani mwake.

Hata hivyo, si raha ya mafundi iliyowasukuma wakubwa wa Ukraine. Hadi mwanzoni mwa mwaka 2022, sheria ya nchi hiyo ilitaka kumbukumbu muhimu za serikali ziwekwe katika mitambo iliyoko ndani ya nchi. Sheria hiyo ilikuwa na mantiki yake wakati wa amani. Katikati ya Februari, juma moja tu kabla ya majeshi ya Urusi kuvuka mpaka, bunge lao lilipitisha sheria ya kuruhusu kumbukumbu hizo zipelekwe katika wingu. Tarehe 24 Februari, siku ya uvamizi wenyewe, ujumbe wa Ukraine ulikutana mjini London na watu wa Amazon, wakaandika kwa kalamu na karatasi orodha ya vilivyopasa kuokolewa kwanza: daftari la raia, hati za ardhi na nyumba, kodi, elimu. Kwa kuwa njia ya mtandao ingekuwa nyembamba mno kwa mzigo huo, yalisafirishwa kwa ndege hadi Poland masanduku magumu ya kuhifadhia data, yakavushwa mpaka, yakajazwa, yakarudishwa. Hadi mwisho wa mwaka huo data iliyohamishwa ilikuwa imepita petabaiti 10. Benki kubwa ya nchi hiyo, PrivatBank, ilihamisha programu zake 270, zilizokuwa katika seva 3,500, kwa muda usiofika siku 45.

Askari atauliza kama haraka hiyo ilikuwa na sababu. Katika siku za mwanzo za vita, kituo kimojawapo cha data cha serikali ya Ukraine kilipigwa kwa kombora. Mvamizi anayeteketeza daftari la ardhi humwacha mwenye shamba bila ushahidi kuwa shamba ni lake. Anayeteketeza daftari la raia huliacha taifa bila orodha ya watu wake. Vita vya namna hiyo havihitaji kushinda uwanjani.

Basi ingeonekana kwamba hoja imekwisha, na kila nchi ipakie madaftari yake. Haijakwisha.

Kwanza, pana suala la njia. Sisi wa Uganda hatuna bahari. Mawasiliano yetu na dunia huteremka kupitia Kenya hadi Mombasa, na kupitia Mutukula na nchi ya Tanzania hadi pwani ya huko, ndipo yazamishwe baharini katika nyaya. Tarehe 12 Mei, 2024, nyaya mbili kati ya hizo, EASSy na Seacom, zilikatika chini ya bahari karibu na pwani ya Afrika Kusini, na huduma ya intaneti ikadhoofika Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na kwingineko. Nyaya zilizokatika ni zile zile zinazotuunganisha na upande wa Cape Town na Johannesburg, yaani upande ambako mawingu yaliyo karibu nasi yamejengwa. Siku ile daftari lililopangishwa kusini lilikuwa zima kabisa katika jengo lake, likiwa na umeme, baridi na walinzi. Ambacho hakikuwa kizima ni barabara ya kuliendea. Hifadhidata iliyo nzima lakini haifikiki, kwa askari aliyesimama kwenye kizuizi cha barabarani na gari la kukaguliwa mbele yake, haina tofauti na iliyoungua.

Hata njia ikiwa nzima, umbali una gharama yake. Nuru ndani ya waya wa kioo husafiri kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde. Mwendo wa kilomita 5,000 kwenda na 5,000 kurudi ni sehemu 50 za elfu za sekunde, muda ambao jicho haliuoni. Lakini programu iliyoandikwa kwa uvivu, inayoliuliza daftari maswali 200 moja baada ya jingine ili kujaza ukurasa mmoja, itamweka karani akingoja sekunde 10 kwa kila ukurasa. Programu hiyo hiyo, daftari likiwa katika chumba cha pili, ilikuwa ikijibu papo hapo. Ofisi nyingi zimehamia katika wingu na kulilaumu kwa uzito ambao kwa kweli ulikuwa umejificha ndani ya programu zao wenyewe.

Pili, pana suala la ufunguo. Anayepangisha hulinda jengo. Mlango wa chumba chako unaufunga mwenyewe. Mwezi wa Februari 2023 iligunduliwa kuwa seva ya barua ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, iliyokuwa katika wingu lililotengwa mahsusi kwa ajili ya serikali, ilikuwa wazi bila nywila kwa muda wa kama majuma mawili. Barua nyingi zilihusu kamandi ya vikosi maalumu, na ndani yake mlikuwa na fomu ambazo watumishi hujaza wanapoomba kibali cha kuona siri. Hiyo haikuwa hifadhidata, bali kosa ni lile lile: ukuta mnene, mlango haukufungwa. Ukraine nayo haikuponywa na wingu katika kila jambo. Mwezi wa Desemba 2024 madaftari yaliyo chini ya Wizara yao ya Sheria yalishambuliwa na wadukuzi, na usajili wa mali, ndoa na vifo ukasimama kwa siku nyingi kabla ya kurejeshwa hatua kwa hatua.

Kwa ninyi ndugu askari, jambo hili si la makarani peke yao. Mwezi wa Agosti 2023, polisi wa Ireland ya Kaskazini walijibu ombi la kawaida la taarifa kwa kutoa faili ambalo ndani yake mlikuwa na jedwali lililojificha, lenye majina ya maafisa na watumishi wao zaidi ya 9,000. Katika nchi ambayo polisi huchungulia chini ya gari lake kabla ya kuliwasha, hilo halikuwa kosa dogo. Na Kabul ilipoanguka mwezi wa Agosti 2021, lilikuwapo daftari la mishahara ya jeshi na polisi wa Afghanistan, lililoundwa mwaka 2016 kwa msaada wa Marekani ili kuwaondoa askari hewa waliokuwa wakilipwa pasipo kuwapo. Iliripotiwa kuwa lilikuwa na kumbukumbu zipatazo nusu milioni, na kwamba kila moja ilitaja baba na babu wa askari, wazee waliomdhamini, hata tunda alipendalo. Lililokusudiwa kumlipa askari haki yake likageuka kuwa orodha ya kumtafutia nyumbani. Hapo hoja ya kuliweka daftari mbali na makao makuu huonekana kuwa na nguvu, lakini kwa sharti moja: awepo mtu, mahali salama, mwenye mamlaka na uwezo wa kuukata ufunguo dakika ya mwisho. Bila mtu huyo, umbali haumsaidii yeyote. Aliyeiteka kompyuta ya ofisini ameliteka na daftari lililoko ng'ambo. Nasi tungeongeza kwamba daftari la mishahara halikuhitaji kujua tunda.

Tatu, sheria za mwenye nyumba. Kampuni kubwa za wingu ni za Marekani, na sheria iliyopitishwa huko mwaka 2018 huruhusu vyombo vyao vya sheria, kwa hati ya mahakama, kuidai kampuni data iliyo mikononi mwake hata kama imehifadhiwa nchi nyingine. Kwa upande wetu, sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya kulinda data na faragha huruhusu data ya mtu kuwekwa nje ya nchi kwa masharti ya ulinzi unaolingana au ridhaa yake. Estonia, nchi ndogo iliyoonja shambulio kubwa la mtandao mwaka 2007, ilitafuta njia ya katikati: mwaka 2017 ilitiliana saini na Luxembourg mkataba wa kuweka huko nakala za madaftari yake makuu, katika chumba chenye kinga kama ya ubalozi. Mashine ziko ugenini, mamlaka ni ya Estonia. Njia hiyo ni nzuri, ingawa inadai rafiki wa kuaminika, na urafiki wa mataifa haununuliwi kwa mwezi.

Kodi hulipwa kwa fedha za kigeni, hupanda kimya kimya kadiri data inavyoongezeka, na aghalabu kutoa data ni ghali kuliko kuiingiza. Anayetaka kupanga asome ukurasa huo wa mkataba kwanza.

Turudi sasa kwenye suala la nakala, maana ndilo lililoiangusha Korea. Mwezi wa Mei 2024, mfuko wa pensheni wa Australia uitwao UniSuper, wenye wanachama zaidi ya laki sita, uliamka ukakuta wingu lake binafsi kwa Google limefutwa. Hapakuwa na adui. Mtumishi wa kampuni hiyo alikuwa ameacha nafasi moja wazi katika fomu ya kuanzishia huduma. Mtambo ukadhani kuwa upangaji ni wa mwaka mmoja, na mwaka ulipotimu ukalifuta wingu hilo, pamoja na pacha wake katika eneo la pili. Pacha huandikwa sawia na mwenzake, kwa hiyo hufutwa sawia naye. Wengi hulisahau hilo. Kilichosaidia kuwaokoa wastaafu wale ni kwamba mfuko ulikuwa na nakala za akiba ambazo ufutaji huo haukuzigusa, zikiwemo zilizowekwa katika kampuni nyingine. Huduma zilirejea, na fedha za wanachama hazikupotea.

Ukiiweka Daejeon na UniSuper bega kwa bega, utaona kwamba aliyemiliki nyumba alipoteza na aliyepanga alipona. Utaona pia kwamba ingeweza kuwa kinyume chake, na tofauti ni nakala moja iliyokaa mahali pengine, chini ya ufunguo mwingine, katika mikono isiyoweza kukosea kosa lile lile siku ile ile. Kwa maoni yetu, swali la kupanga au kujenga huja baada ya hilo.

Wala si lazima madaftari yote yaende pamoja. Maombi ya vijana wanaotaka kujiunga na jeshi, ambayo humiminika majuma mawili kwa mwaka kisha yakanyamaza, yanafaa sana katika wingu: unapanga mashine nyingi kwa majuma hayo, kisha unazirudisha. Faini za barabarani, mali iliyopotea na kuokotwa, hata mishahara yakiwepo masharti ya nakala na ufunguo, yaweza kufikiriwa. Lakini daftari la utoaji wa silaha ni lazima lijibu hata waya wa baharini ukiwa umekatika, kwa hiyo mahali pake ni kambini, na nakala ipelekwe nje ikiwa imefungwa kwa siri. Majina ya watoa habari wa polisi na mpangilio wa vikosi hatuoni sababu yoyote ya kuyaweka katika jengo la mtu mwingine, liwe la bei rahisi kiasi gani.

Na afisa atakayekabidhiwa kazi hii, iwe mashine ziko chini ya paa lake au ng'ambo ya bahari, asiridhike kuonyeshwa cheti kwamba nakala huchukuliwa kila usiku. Awaagize mafundi walirudishe daftari zima kutoka katika nakala hiyo, kwenye mashine tupu, yeye akiwa amesimama pale na saa mkononi, kisha achague namba moja ya bunduki na aulize iko kwa nani.